Vifaranga mchanganyiko katika nyumba za Goma

Kundi la vifaranga mchanganyiko ni lile linalolelewa mahali pamoja ingawa ndege wake ni wa mbegu mbalimbali, au hata wa jamii mbalimbali: kuku wa kienyeji na kuku wa nyama, kuku wa mayai na kuku wa mbegu ya Sasso, na pembeni bata wawili watatu, kanga au bata mzinga. Mjini Goma kundi la namna hiyo halitokani na kupenda maajabu. Familia nyingi huanza ufugaji hivyo kwa sababu hununua kinachopatikana. Kumi wametoka kwenye katoni iliyovuka mpaka kutoka Gisenyi, watano wameanguliwa na tetea wa jirani huko Ndosho, na bata wawili wameletwa na shangazi aliyekuja kutoka Rutshuru. Usiku wa kwanza wote wanalia pamoja katika pembe moja ya nyumba ya mbao.

Kuchanganya mbegu za kuku si hatari yenyewe. Kifaranga wa kienyeji na kifaranga wa kuku wa mayai wanahitaji joto lilelile, maji yaleyale na karibu chakula kilekile. Hatari kubwa iko katika kuchanganya umri. Tofauti ya siku nne au tano haina neno, na juma moja bado linavumilika. Tofauti ya majuma matatu ni jambo jingine kabisa: mkubwa anamsukuma mdogo kwenye chakula, anamdonoa, na zaidi ya hayo anatoa katika kinyesi chake vimelea ambavyo mwili wake umeshavizoea, lakini utumbo wa mgeni haujawahi kukutana navyo. Kwa hiyo swali la kwanza sokoni lihusu siku waliyoanguliwa, na swali la mbegu lifuate.

Anayeangulia nyumbani ana nafasi nzuri ya kulinganisha umri. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21, la kanga kwa siku 26 hadi 28, la bata mzinga kwa siku 28, na la yule bata mwenye uso mwekundu uliojaa vinundu, anayeonekana katika nyua nyingi za Kivu, kwa siku 35. Tetea mmoja mtulivu anaweza kuatamia mayai ya bata huyo na ya kuku kwa pamoja, ila mayai ya bata yatangulie siku 14. Yakiwekwa siku moja, vifaranga wa kuku watatoka kwanza, mama atainuka nao kwenda kuchakura, na mayai ya bata yatapoa yakiwa na vifaranga hai ndani.

Baada ya umri linakuja joto, na hapa Goma ina masharti yake. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, kati ya Ziwa Kivu na mlima Nyiragongo. Mchana ni wa kupendeza kwa binadamu, lakini usiku nyuzi hushuka hadi 15 au chini yake. Kifaranga wa siku moja, mwenye gramu 35 hadi 40 tu na manyoya laini yasiyokinga upepo, hawezi kujipasha joto mwenyewe. Katika juma la kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale anapolala. Kila juma linalofuata joto hilo hupunguzwa nyuzi 3 hivi, hadi manyoya ya kweli yamfunike, jambo ambalo kwa kawaida hukamilika kati ya juma la 5 na la 6. Katika nyanda za joto za Tanzania au kwenye pwani ya Kenya, mfugaji huweza kuzima taa mapema. Wa Goma hawezi.

Kipimajoto kinasaidia, lakini vifaranga wenyewe hueleza vizuri zaidi. Wakibanana chini ya chanzo cha joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia kingo za boksi, midomo wazi na mbawa zimeachana na mwili, wanaungua. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaopenya upande wa pili, na katika nyumba ya mbao upepo huo hupita kati ya ubao na ubao, chini kabisa, ambapo mtu aliyesimama hausikii. Kiganja kikiwekwa sakafuni saa tisa za usiku hugundua ufa huo mara moja. Kundi lililoridhika hutawanyika sawasawa, wengine wanakula, wengine wamelala shingo zimenyooka, na sauti zao ni za chini.

Katika kundi mchanganyiko ishara hizo husomwa kwa kila jamii. Bata hujitosheleza kwa joto mapema kidogo kuliko kuku, na mara nyingi hujitenga na taa wakati kuku bado wamejikunyata. Kanga na bata mzinga wachanga ni kinyume: hao hutaka joto zaidi na hudhoofika haraka wakilowa. Boksi refu lenye joto upande mmoja na ubaridi kiasi upande mwingine humwachia kila mmoja achague mahali pake. Boksi dogo lililopashwa joto lote humlazimisha mmoja kuteseka ili mwingine apone.

Chanzo cha joto hutegemea mtaa. Penye umeme wa shirika la SNEL au wa Virunga Energies unaotoka mtambo wa Matebe kule Rutshuru, taa nyekundu ya joto huning'inizwa karibu sentimita 45 juu ya sakafu, kwa mnyororo au waya. Kamba haifai, kwa kuwa ikiungua taa huangukia maranda makavu, na nyumba za mbao zilizobanana kama zile za mtaa wa Birere hupitishiana moto kwa dakika chache. Umeme ukikatika, wengi hutumia mbabula ya makala. Mbabula hupasha joto kweli, lakini makala katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo imeua watu waliolala karibu na jiko kabla hata ya kuua kuku. Ikibidi kuitumia, iwake nje hadi moshi uishe, iingizwe ikiwa imezungushiwa wavu, na upande wa juu wa ukuta uachwe wazi ili hewa itoke. Watu wasilale katika chumba hicho.

Njia iliyo salama zaidi kwa vifaranga 20 au 30 haihitaji moto wa usiku kucha. Bidoni ya lita 5 hujazwa maji ya moto jioni, hufungwa vizuri, huvikwa gunia au blanketi kuukuu na kulazwa katikati ya boksi lenye kifuniko chenye matundu. Vifaranga huegemea ubavu wake, na joto la miili yao wenyewe hubaki ndani. Maji hubadilishwa usiku wa manane mara moja. Ni kazi, lakini asubuhi hakuna aliyeungua wala aliyekosa hewa.

Gesi nyingine inayopaswa kutajwa ni ile ya ardhini. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, na katika mashimo na mabonde madogo karibu na ziwa, kuna mazuku: kaboni dioksidi itokayo chini ya miamba ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa mahali penye kina, hasa usiku na alfajiri kabla ya jua na upepo kuitawanya. Mtu mzima anaweza kupita akiwa salama huku mbuzi au mtoto aliyeinama akianguka. Kifaranga hupumua sentimita chache tu juu ya sakafu. Banda lijengwe mahali palipoinuka, kamwe lisijengwe katika shimo la lava kwa kudhani linakinga upepo. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, hufuatilia maeneo hayo, na wenyeji wa mtaa huwa wanayajua.

Sakafu nayo si jambo dogo katika mji uliojengwa juu ya lava. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulifunika sehemu ya katikati ya mji, na viwanja vingi hadi leo ni mawe meusi yenye makali. Miguu laini ikichanika juu ya mawe hayo, vijidudu huingia na nyayo huvimba. Kinachofaa ni maranda makavu kutoka kwa maseremala, yatandazwe kwa kina cha sentimita 5 hadi 8. Unga wa mbao haufai siku za mwanzo, kwa maana kifaranga asiyejua bado chakula ni kipi huumeza hadi ukamziba. Magazeti matupu nayo huteleza, miguu ikaachana pande mbili na isirudi. Kwa siku mbili au tatu za kwanza gunia safi juu ya maranda hutatua yote mawili.

Kifaranga huzaliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, inayoweza kumtunza kwa siku 2 hadi 3. Ndiyo sababu anaweza kusafiri katika katoni kutoka mbali. Akiba hiyo isigeuzwe kuwa kisingizio cha kuchelewa. Akifika, apewe maji kwanza, ya uvuguvugu, na mdomo wake uchovywe mara moja ili ajue yalipo. Chakula kifuate saa moja au mbili baadaye. Jioni ya siku ya kwanza kila mmoja ashikwe mkononi na gole lake lipapaswe, hapo chini ya shingo upande wa kulia. Gole lililojaa na laini linaonyesha kuwa amekula na kunywa. Likiwa gumu kama kokoto, amekula bila kunywa. Likiwa tupu, hajakiona chombo, na asubuhi atakuwa amechoka mno kukitafuta. Upapasaji huo ni wa dakika kumi kwa kundi zima na huokoa wengi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Chakula ndicho kinachosumbua zaidi pale jamii zinapochanganywa. Kifaranga wa kuku wa mayai hutosheka na protini asilimia 18 hadi 20, wa kuku wa nyama hutaka 22 au 23, kanga 24 hadi 26, na bata mzinga hadi 28. Kwa kundi dogo la nyumbani lenye kuku na bata, asilimia 20 hadi 21 huwafaa wote bila kumdhuru yeyote. Chakula cha kuku wakubwa wa mayai hakifai hata kidogo kwa vifaranga: kina kalsiamu, madini ya chokaa ya kutengenezea ganda, takriban asilimia 4, na kiwango hicho huharibu figo za ndege asiyetaga.

Magunia ya chakula cha kiwandani huingia Goma kwa barabara, kwa ziwa na kwa mpaka wa Rwanda, na bei yake hupanda kila njia moja inapofungwa. Wakazi wa mji huu wameonja hali hiyo tena na tena, hasa tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango. Ndiyo maana kuchanganya chakula nyumbani kunastahili kujulikana. Kati ya sehemu 100, mahindi yaliyosagwa huwa 60, soya 28, sambaza wakavu 9, na 3 zilizobaki ni madini na vitamini. Mchanganyiko huo hukaribia asilimia 20 ya protini. Soya lazima ikaangwe, kwa kuwa mbichi huzuia mwili usitumie protini. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wawe wasiotiwa chumvi, maana chumvi nyingi huua vifaranga.

Bata wana hitaji lao la pekee. Wanahitaji vitamini iitwayo niasini karibu mara mbili ya kuku, na wakiikosa miguu hupinda na kutembea huwa kwa taabu. Karanga, sambaza na hamira ya kutengenezea bia huongeza niasini bila kumdhuru kuku anayekula pembeni. Karanga hizo na mahindi yawe makavu na safi. Ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu hutoa sumu ya aflatoksini, na wanaokufa mapema kwa sumu hiyo ni bata na bata mzinga wachanga. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, na uchunguzi ukafikia mashudu ya karanga yenye ukungu. Hapo ndipo aflatoksini ilipotambuliwa. Mahindi yaliyooza yanayouzwa kwa bei ya chini kwa kisingizio kwamba ni ya kuku ni hasara iliyofungwa gunia.

Kuku wa nyama akiwekwa na wenzake huleta tatizo la kasi. Katika juma la kwanza uzito wake huongezeka mara nne au tano, na kwa siku 35 hadi 42 hufikia karibu kilo 2, wakati kifaranga wa kienyeji wa siku zilezile bado anaenea kiganjani. Hakuna chuki kati yao. Ni mwili mkubwa unaolala juu ya mdogo na kumaliza chombo cha chakula. Vyombo viwe vingi, vitawanywe, na kuanzia juma la 2 au la 3 kuku wa nyama watengwe kwa ubao mmoja tu katikati ya chumba.

Bata ndiye mgeni mgumu zaidi, kwa sababu ya maji. Anapokula huchovya mdomo, huosha pua, hurusha maji pande zote, na kwa siku moja maranda yanayomzunguka huwa tope. Yeye hufurahi, lakini kuku wanaolala katika tope hilo hupata baridi na koksidiosisi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea. Dawa ya hali hiyo ni mpangilio tu: chombo cha maji kiwekwe juu ya sinia lenye wavu ili kinachomwagika kisiguse maranda, na baada ya siku chache za mwanzo bata wapate upande wao. Kwa vifaranga wadogo, hasa kware wa gramu 7 au 8, chombo kijazwe kokoto safi zilizooshwa ili wanywe katikati yake bila kuzama.

Maji ya Goma yana habari nyingine ambayo mfugaji hana budi kuijua. Kwa sababu ya kipindupindu, maji ya ziwa mara nyingi hutiwa klorini palepale yanapochotwa, bidoni kwa bidoni. Ni kinga njema kwa familia, na kwa kiasi cha kawaida haiwadhuru vifaranga. Lakini chanjo nyingi za kuku ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini huviua. Mtu hununua chanjo kwa fedha yake, huitia katika maji hayo, vifaranga hunywa, kisha kundi lote hufa kwa mdondo na chanjo hulaumiwa. Maji ya chanjo yachemshwe na kuachwa yapoe usiku kucha katika chombo kilicho wazi, kisha yatiwe gramu 2 hivi za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, nusu saa kabla ya chanjo. Vifaranga wanyimwe maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, na mchanganyiko wote unywewe ndani ya saa mbili.

Mdondo, uitwao pia kideri au Newcastle, huchanjwa kwa kawaida karibu na siku ya 7 na kurudiwa karibu na siku ya 21 hadi 28. Gumboro huchanjwa kati ya siku ya 10 na ya 14 na kurudiwa baada ya juma moja au zaidi, kwa ratiba ya daktari wa mifugo. Ndui hufuata katika juma la 6 hadi la 8. Kuna pia chanjo ya mdondo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, inayodondoshwa tone moja kwenye jicho. Hiyo haihitaji maji ya kunywa kabisa. Chupa ya chanjo huwa na dozi 100 au zaidi, hivyo nyumba tatu nne za mtaa mmoja zikichanja siku moja hugawana gharama, na ugonjwa unakosa pa kuanzia. Bata nao wachanjwe pale daktari anaposhauri, kwa maana huweza kubeba kirusi cha mdondo bila kuonyesha dalili yoyote.

Koksidiosisi huonekana zaidi kati ya juma la 3 na la 6: vifaranga hujikunyata, mbawa hulegea, kinyesi huwa na damu. Mayai ya kimelea chake hukomaa ndani ya siku moja au mbili katika maranda yenye unyevu, kwa hiyo ukavu ndio kinga ya kwanza na amproliumu ndiyo tiba inayopatikana zaidi. Dawa za kuzuia ugonjwa huu zinazochanganywa kiwandani huhitaji uangalifu: monensini imeua kanga, na salinomisini ni sumu kwa bata mzinga. Karatasi iliyoshonwa kwenye gunia isomwe kabla ya kununua.

Bata mzinga ndiye asiyepaswa kulelewa na kuku. Kuku hubeba minyoo midogo ya utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hukaa kimelea kinachoshambulia ini. Kuku huvumilia, bata mzinga hufa. Mayai hayo hudumu ardhini kwa miaka, hivyo hata uwanja ambao kuku waliutumia zamani si salama kwake. Kware nao ni heri wawe na chumba chao, kwa sababu ugonjwa wa vidonda vya utumbo huwaangamiza upesi.

Watoto wa nyumba hupenda kuwabusu vifaranga, na hilo likatazwe kwa upole, kwani salmonela hukaa kwa kifaranga mwenye afya. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kila kazi. Vifo vya ghafla vya ndege wengi viripotiwe kwa ukaguzi wa mifugo wa jimbo, na mizoga isitupwe ziwani wala kuliwa; mwaka 2017 mafua ya ndege ya H5N8 yalithibitishwa katika Ituri, karibu na Ziwa Albert, na yaliwapata kuku na bata pamoja.

Vifaranga hawachanganywi na kuku wakubwa kabla ya juma la 8, na afadhali wakae hadi la 12, wakionana kwanza kupitia wavu kwa siku kadhaa. Wavu huo uwe na matundu ya milimita 12, kwa sababu panya wa Goma huua usiku zaidi ya mwewe anavyoua mchana. Kufikia umri huo kuku wa nyama wanakuwa wameshaliwa au kuuzwa. Kuku wa mayai huanza kutaga karibu na juma la 18 hadi la 20, wa kienyeji kwa kawaida huchelewa hadi mwezi wa 6 au zaidi, na chakula chenye chokaa nyingi huanza kutumika kwa watagaji hapo tu. Majogoo na bata madume waendelee na chakula chao cha kawaida, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa yawekwe katika chombo cha pembeni kwa anayeyahitaji.